Sauti Nyuma ya Maporomoko

Vyura ndio walionyamaza kwanza. Shizuko aliinua mikono kutoka kwenye koto, kinanda chake cha nyuzi kumi na tatu, akatega sikio. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji ya mvua, lakini bonde zima lilikuwa kimya kama limezibwa mdomo.

"Wamechoka kukusikiliza," mumewe Morihiko alimtania kutoka jikoni. "Hata chura ana masikio, bibie."

Shizuko akacheka. Kwa miezi miwili alikuwa akitunga muziki wa maporomoko yaliyo nyuma ya nyumba, muziki usio na maneno, nao ukamgomea. Asubuhi hiyo, alipoketi kando ya maji, alisikia ndani ya mngurumo ule mwanamke akiimba bila maneno. Akakiandika kipande cha kwanza cha wimbo ule upesi upesi. Hakuwa amepata kutunga kitu kizuri hivyo.

Kesho yake aliandika kipande cha pili. Birika likachemka bila mlio. Keshokutwa yake, cha tatu. Mvua ikanyesha juu ya vigae na paa lisilie. Nyumba ikaanza kunuka matope ya mtoni. Hata wali ulinuka majani yaliyooza.

"Shizuko, uache huo wimbo," Morihiko alinong'ona. "Kila ukiandika, kitu kinanyamaza. Huoni?"

"Kimebaki kipande kimoja tu."

"Halafu kinyamaze nini?"

Shizuko akachukua karatasi zake. Adhuhuri alishuka tena kwenye maporomoko, na safari hii mwanamke hakujificha: alisimama mweupe nyuma ya pazia la maji, nywele zake zikipanda juu wakati maji yanashuka, na Shizuko akaandika, akijiambia mstari mmoja tu, mmoja tu tena, mpaka wimbo ukaisha naye akatimua mbio kupanda ngazi za mawe, akimwita mumewe, akimwita, na asijibiwe.

Morihiko alikuwa ameketi sakafuni. Alifungua kinywa. Haikutoka hata pumzi yenye sauti.

Kuhani wa kijiji, Bibi Kusunoki, alifika jioni na chumvi na pombe ya mchele.

"Umempa nini huyo mzimu wa maji?"

"Sikumpa kitu, Bibi. Yeye ndiye aliyenipa."

"Mwanangu, hao hutoa bure? Lete karatasi hizo."

Shizuko alizichoma mwenyewe, moja moja, akilia kama anayezika mtoto. Kuhani alimwaga chumvi kizingitini, akapiga makofi mawili, akaomba mpaka jasho likamtiririka. Harufu ya matope ikatoweka. Vyura wakalia.

"Na sauti ya mume wangu?"

"Itarudi," kuhani alisema, lakini hakumtazama usoni.

Siku ya tatu mvua ilikatika. Shizuko alikuwa anaosha mchele aliposikia, kutoka upande wa maporomoko: "Shizuko! Njoo uone, jua limetoka!"

Sauti ya Morihiko, nzito, na kicheko chake kilekile. Bakuli likamponyoka. Machozi ya furaha yakimtoka, alikimbilia mlangoni, akauvuta.

Mkono ukamkamata kwa nyuma. Alikuwa Morihiko, uso umempauka, akimtikisia kichwa, kinywa wazi na kitupu.

"Mke wangu," sauti ya nje ikaita, sasa karibu zaidi, "mbona unachelewa?"