Kompyuta ya Wifi

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Fundi wa kompyuta alifika kwa dada yake saa nne asubuhi na mkoba wake wa bisibisi, akamkuta sebuleni anachambua maharage. Fundi huyu haamini uchawi. Ukimwambia nyumba yako ina mashetani, atakuuliza kama umeangalia nyaya. Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ndugu mwingine hana.

"Haya, mgonjwa wako anasumbuliwa na nini?"

"Anaganda. Hata kipanya hakisogei. Wifi yangu kanipa bure, kumbe kanipa mzigo."

Fundi akaguna. Wifi yule, dada wa marehemu shemeji yake, hajawahi kumpa mtu hata njiti ya kiberiti. Leo atoe kompyuta nzima?

Akafungua boksi la mashine, akapuliza vumbi, akachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, na kuisugua kwa raba ya shule kama wafanyavyo mafundi wote. Akawasha. Dada alikuwa anamsimulia harusi ya jirani. Mashine ikaganda, na dada naye akanyamaza. Fundi hakugeuka. Akabonyeza kitufe cha kuwasha upya.

"...na bibi harusi mwenyewe kachelewa," dada akamalizia.

Mara ya pili ilipoganda, fundi alikuwa amemkabili. Dada alishika punje ya harage hewani, mdomo nusu wazi. Hapepesi macho. Nzi akatua kwenye mdomo wake, akatembea. Fundi akamwita mara tatu. Halafu, bila kujua kwa nini, akabonyeza kile kitufe.

"Umesemaje?" dada akauliza, akatupa punje kwenye sufuria.

Fundi alifungua boksi tena, safari hii akatoa diski yenyewe. Ilikuwa imezungushiwa msuko wa nywele wenye mafundo saba. Nywele zenye mvi. Akamsogelea dada, akamtazama kichwani. Nyuma ya sikio palikuwa na kipara kidogo, nywele zimekatwa hadi kwenye ngozi.

"Nani alikusuka mara ya mwisho?" akanong'ona.

"Wifi. Siku ileile aliyoleta kompyuta."

Hasira zikampanda. Akaukata msuko kwa mkasi. Kwa kuwa fundi hana dawa nyingine, aliamua kufuta kila kilichomo na kupiga programu upya, huo uchawi utoke pamoja na takataka zake. Hata hivyo aliuliza swali analowauliza wateja wote.

"Kuna kitu cha kuhifadhi humu?"

"Sina changu humo. Futa."

Akafuta.

Asilimia kumi. "Sufuria hii ya nani?" dada akauliza.

Asilimia thelathini. Alikuwa ameacha maharage, anaitazama mikono yake.

Fundi alishika waya wa umeme. Akauachia. Ukikatisha kazi hii katikati, diski inaweza kufa kabisa. Kwa miaka ishirini amekuwa akiwaonya watu hivyo. Akaushika tena. Akashindwa. Sitini. Themanini. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kibodi.

"Dada, nitazame. Mimi ni nani?"

Dada akatabasamu kwa adabu. "Karibu, baba. Unamtafuta nani?"

Siku hizi anaishi kwa fundi. Anakula vizuri, anacheka, amejifunza upya majina ya watoto wa fundi. Wifi alihama wiki ileile na hakuna anayejua alikokwenda. Fundi anaumia, na anajilaumu yeye kuliko anavyomlaumu wifi.

Kompyuta anayo chumbani. Ndani yake hamna kitu ila faili moja lisilo na jina, ambalo yeye hakuliweka. Siku ya kwanza lilikuwa dogo mno. Kila asubuhi analikuta limeongezeka uzito, na sasa limekaribia kujaza diski.

Juzi aliweka mshale wa kipanya juu yake. Jikoni, dada akaacha kuimba katikati ya neno.

Fundi akaondoa mkono. Wimbo ukaendelea.

Hajalifungua mpaka leo. Labda dada yake, yule aliyemlea, ndiye aliyemo. Lakini mashine kuukuu ikibebeshwa faili zito huganda, na fundi hana uhakika kama safari hii kitufe kitamrudisha yeyote.