Ornela kwenye Foleni ya Wanaume

"Hii ulikuwa unaificha mpaka lini?"

Ornela alisimama mlangoni pa chumba cha projekta, telegramu mkononi. Alikuwa amekuja kutafuta gundi ya kuungia mkanda wa filamu, akaikuta telegramu chini ya makopo, imekunjwa mara nne. Evaristo alikuwa amepiga magoti akifuta lenzi. Hakuinuka haraka.

"Nilitaka kukwambia baada ya sinema ya Alhamisi."

"Alhamisi ipi? Zimeshapita tatu."

Telegramu yenyewe ilikuwa na maneno machache. Bwana Evaristo Lencina ameteuliwa kusimamia meza namba kumi na saba, wanaume, shule ya msingi ya mtaa wa stesheni, Jumapili ya uchaguzi. Uteuzi kama huo haukataliwi, labda uwe mgonjwa wa kulazwa.

Miaka hiyo pale Puerto Olmos, na Argentina nzima, wanaume walipigia kura meza zao na wanawake meza zao. Msimamizi hupokea kitambulisho chako, husoma jina lako kwa sauti ili mawakala wa vyama watie alama kwenye orodha, kisha ndipo unapoingia kupiga kura. Meza ya kumi na saba ilikuwa ya wanaume ambao jina lao la ukoo linaanza na B. Ornela ni wa ukoo wa Basualdo. Alipozaliwa waliandika kuwa ni mwanamume. Yeye alijijua ni mwanamke tangu akiwa mdogo wa kufungiwa kamba za viatu, ila karatasi za serikali hazikujua. Ndani ya kitambulisho chake jina la kiume lilikuwa bado limekaa, na kwa miaka kumi na moja hakuna mtu aliyempenda aliyelitamka.

"Kwa hiyo Jumapili ni wewe," alisema. "Wa kuniita jina lile mbele ya mtaa mzima ni wewe."

"Sikuomba kazi hiyo, mpenzi."

"Kuteuliwa sikulaumu. Nakulaumu kwa kunyamaza. Ungeniambia, tungelia pamoja siku moja tukamaliza. Wewe umeniacha nikaahidi watu."

Ni kweli alikuwa ameahidi. Kwao kupiga kura ni lazima, ila aliye mbali zaidi ya kilomita mia tano na mji wake siku ile husamehewa, akipata muhuri wa polisi wa huko. Ndiyo maana kila uchaguzi Ornela alipanda basi Jumamosi kwenda Bahía Blanca kwa rafiki yake, akapigiwa muhuri, akarudi Jumatatu kushona nguo za watu. Wengi wa wanawake kama yeye walifanya hivyohivyo. Wapo waliosafiri mpaka wakajuana kwa sura ndani ya mabasi.

Mwaka huu sheria ya kumruhusu mtu aandikwe jina lake alilojichagulia ilikuwa inangoja bungeni, na Yamila, aliyewaunganisha wanawake hao katika jimbo lote, alikuwa amempigia simu kila mmoja. Hakuna kusafiri, aliwaambia. Tukijificha wote, wanaoomba kura watasema watu hao hawapo, tuwapiganie wa nini. Ornela akasema nitapiga. Akasema hivyo kwa sababu alidhani msimamizi atakuwa mtu wa kando, mtu ambaye ukitoka pale hulali naye kitanda kimoja.

Aliiweka telegramu juu ya projekta, akachukua koti lake, akaondoka.

Niwaambie hawa wawili walivyopatana. Evaristo alifundisha jiografia asubuhi, na Alhamisi jioni alionyesha filamu kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa reli. Filamu zake zilikuwa za aina ile ambayo watu wa mji waliziita za ukungu. Mvua inanyesha kwenye dirisha, mtu anaitazama. Treni inapita, inachukua dakika nane kumaliza kupita. Mwenye bucha alikwenda mara moja, akatoka akisema amelipa kiingilio kuona mwanamke akichemsha maji, na nyumbani mke wake huchemsha bure. Watu kumi na wawili ndio walioshikamana na ukumbi ule, na Ornela alikuwa mmoja wao. Aliingia taa zikishazimwa, akakaa mstari wa nyuma, akaondoka kabla hazijawashwa. Evaristo aliona. Alianza tu kuchelewesha taa, dakika tatu nzima baada ya filamu kuisha, akisingizia swichi. Wiki ya sita Ornela hakuondoka. Taa ziliwaka zikamkuta amekaa.

Siku ile alimwambia kwa nini anazipenda filamu zile. Hazimharakishi mtu, alisema. Mtu anatokea ndani ya ukungu polepole, na wewe huambiwi ni nani mpaka umemtazama vizuri.

Basi mtu aliyejua hayo yote ndiye aliyenyamaza wiki tatu.

Ijumaa simu ya Ornela ililia. Ulikuwa ujumbe wa Evaristo.

"Nilikosea. Niliogopa utapanda basi, nikachagua usijue. Hilo si pendo, ni woga. Kama unataka kwenda Bahía Blanca nenda, nitakubebea mfuko. Ila kuna kitu nimekifikiria, na safari hii nakwambia mapema: Jumapili nitawaita wote kwa ukoo tu. Wote, kuanzia wa kwanza saa mbili asubuhi. Siwezi kukuahidi kwamba mawakala watakubali."

Aliusoma akiwa na pini mdomoni. Akaupeleka kwa Yamila, kisha akampigia.

"Unaonaje?" akauliza.

"Naona mwanamume wako ni mjinga mwenye moyo mzuri. Wangu wa kwanza alikuwa mjinga tu."

"Wakilisoma je, Yamila?"

"Wakilisoma litauma. Mimi nitasomewa langu huku, na mwenzetu Ludmila lake, na yule bibi wa Gualeguay mwenye miaka sabini atasomewa lake. Tutaumia sote saa ileile, kila mtu kwenye foleni yake. Hutakuwa peke yako, japo utasimama peke yako."

Ornela hakumjibu Evaristo. Jumamosi basi la Bahía Blanca liliondoka, yeye akiwa nyumbani anapiga pasi sketi yake ya bluu.

Jumapili kulikuwa na jua kali. Uani pa shule foleni zilikuwa mbili, ya wanawake upande wa miti, ya wanaume ukutani. Ornela alisimama nyuma ya mzee mmoja aliyevaa tai ya harusi. Mzee akageuka, akamtazama kwa upole.

"Mama, foleni yenu ni ile pale, kwenye kivuli."

Alisema kwa wema kabisa, na wema ule ulimchoma kuliko tusi.

"Yangu ni hii, mzee."

Mzee alimtazama tena, taratibu, kama anayesoma barua. Kisha akasogea kando kutoka kwenye kipande kidogo cha kivuli cha ukuta. "Basi simama hapa. Mimi jua nimelizoea."

Alipogeuka kuingia kivulini ndipo alipomwona, watu watano nyuma yake, Nicanor, kaka yake, dereva wa lori la machungwa. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya baba, miaka tisa, ingawa mji ni mdogo kiasi cha kujua nani kanunua mkate gani. Nicanor aliangalia viatu vyake.

Kutoka ndani sauti ya Evaristo ilisikika. "Baldi." Kisha, "Barrios." Halafu, "Benítez", na huyo alikuwa mwenye bucha, naye hakukubali.

"Jina langu la kwanza mama yangu alilitafuta siku tatu. Wewe unalimeza?"

"Nasomesha watoto arobaini wiki nzima, Benítez. Nihurumie koo."

Watu wakacheka. Benítez akaingia akinung'unika.

Mzee wa tai akaitwa, akapiga, akatoka, lakini hakwenda nyumbani. Alisimama mlangoni. Ornela akasogea mezani, akatoa kitambulisho. Evaristo alikipokea kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala.

"Basualdo," akasema.

Wakala mmoja, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, aliinua kichwa. "Basualdo yupi? Hapa wako wawili. Soma jina kamili, bwana msimamizi."

Evaristo aliweka kidole juu ya orodha. "Mstari wa mia moja na arobaini na mbili. Tia alama."

"Utaratibu ni jina lisikike."

"Mstari unaonekana."

"Nimesema lisikike."

"Mimi silisemi," Evaristo alijibu, bila kupandisha sauti.

"Basi nitalisoma mimi." Wakala akauvuta ukurasa. Ornela alishika ukingo wa meza. Alijiambia, saa hii Yamila naye yuko mahali kama hapa, na yule bibi wa Gualeguay.

"Weka karatasi chini, kijana."

Alikuwa Nicanor. Alikuwa ametoka kwenye foleni, kofia mkononi, jasho limemjaa shingoni.

"Basualdo mmoja ni mimi, Nicanor, andika hapo. Aliyebaki ni dada yangu. Sasa unawajua wote wawili. Unataka nini zaidi?"

Neno lile, dada yangu, lilimtoka kwa shida, kama mtu anayeshusha gunia, lakini lilitoka.

"Na sisi tangu asubuhi tumeitwa ukoo tu," mzee wa tai akasema kutoka mlangoni. "Hakuna aliyepungukiwa."

"Mimi nilipungukiwa," akasema Benítez, ambaye naye hakuwa ameondoka. "Nimesamehe. Kama ni ukoo, uwe ukoo kwa wote, ama turudi sote tuanze upya."

Wanaume wa foleni wakasema ndiyo, mmoja baada ya mwingine, bila kelele. Wakala alitazama nje, akawaona ni wengi, akatia alama yake.

Ornela aliingia darasani. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa karatasi za kahawia, na juu ya madawati karatasi za kura za kila chama zilikuwa zimepangwa, uchague yako uitie ndani ya bahasha. Alikaa humo muda mrefu kuliko wengine. Hakuna aliyegonga mlango kumharakisha.

Alipotoka alitumbukiza bahasha ndani ya sanduku. Evaristo akamrudishia kitambulisho, kimefungwa, jina likiwa ndani.

"Bado nina hasira," Ornela akanong'ona.

"Najua."

"Umekula?"

"Bado."

Alitoka uani akamngoja kaka yake. Nicanor alipomaliza alikuja akasimama mbele yake, akaizungusha kofia mara kadhaa.

"Mama anapika tambi leo," akasema hatimaye. "Kila Jumapili anaweka sahani moja zaidi. Anasema ni ya mgeni. Miaka tisa, hakuna mgeni." Akafuta shingo. "Twende. Na huyo mtu wako wa ukungu aje."

"Hatoki mpaka saa kumi na mbili jioni, na bado watahesabu kura."

"Tutamngoja."

"Tambi zitaganda."

"Tutakula zilizoganda."

Ornela alirudi mpaka meza ya kumi na saba. Alimwomba radhi mzee mwingine aliyekuwa mbele, akainama kwenye sikio la msimamizi.

"Ukimaliza, njoo nyumbani kwa mama. Tutakungoja. Ya telegramu tutayazungumza njiani, na utazungumza wewe, mimi nitasikiliza."

"Kwa mama yako?"

"Kwa mama yangu."

Evaristo alishusha muhuri, akakosa kitambulisho cha mzee wa watu na kujigonga kidole. Akabaki amekishika kidole, anacheka, machozi yanamtoka, na foleni nzima ikamngoja.