Kitambaa cha Kuombea

Jumatano, tarehe tisa Juni. Manyunyu yalianza alfajiri, na mama aliwasha taa ya cherehani mapema. Binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake, alikuwa akiokota vifungo sakafuni kabla ya kwenda shule.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mwuguzi wa jirani, gauni la buluu mkononi.

"Fundi, nilileta kitambaa cha kutosha. Mbona gauni limeishia magotini? Au mmemshonea mwanangu?"

Mama alimgeukia shangazi, aliyekuwa mkataji wao. "Wifi, ulipima?"

"Mara mbili, wifi. Haki ya Mungu!"

"Basi kitambaa kimejikata chenyewe? Kuanzia leo weka mkasi chini."

Shangazi aliinama, machozi yakimlengalenga. Sindano aliacha kuokota vifungo. Wiki iliyopita, shangazi alipotoka kidogo, yeye ndiye aliyeufuta mstari wa chaki kwenye kitambaa hicho cha buluu, akachora mwingine juu yake na kujikatia ukanda. Alishona kitambaa cha kichwa cha kuombea, kwa maana bibi alikuwa amepasuliwa macho, na Sindano aliweka nadhiri ya kumwombea asubuhi na jioni hadi bandeji zitolewe.

"Nimechukua kwa ajili ya Mungu," alijiambia siku ile. Lakini tangu hapo kila sala ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Alikimbilia chumbani kwa bibi, akajifunga kitambaa, akapiga magoti.

"Mungu, mponye bibi. Na shangazi asi... asi..."

Bibi, aliyekuwa fundi kwa miaka arobaini, alinyoosha mkono ambariki. Vidole vikagota kwenye pindo.

"Pamba hii si ya kapu la mabaki. Nani amekupa?"

Sindano alikivuta kitambaa nyuma.

"Mjukuu wangu, yaliyofungwa ni macho, si vidole."

Sindano aliangua kilio, akasema yote. "Bibi, Mungu atakataa kukuponya?"

"Macho yangu mwachie Mungu. Lakini wewe unamkaribisha sebuleni, huku umemficha mwizi chumbani. Kwanza mtoe huyo. Nishike mkono, twende."

Walipofika kwenye cherehani, Sindano alivua kitambaa, akakiweka mezani mbele ya wote. "Mstari niliufuta mimi. Shangazi hana kosa."

Mama alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi. "Wifi, nimekuonea. Nisamehe."

Shangazi alijifuta macho, akafumua kitambaa na kukipima. Kilitosha kuongeza pindo.

"Kumbe gauni langu limekuwa likisali bila mimi!" alisema mwuguzi, nao wakacheka, isipokuwa Sindano.

"Kosa halitakaswi kwa kulipigisha magoti," bibi alisema. "Mtu huliacha, akatengeneza alichoharibu, ndipo akaomba. Sasa sema, tusikie."

Sindano alimrudishia shangazi mkasi kwa mikono miwili.

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote wanne, naahidi: sitagusa tena kisicho changu, hata kwa kisingizio cha sala. Na nikikosea, nitasema kabla mwingine hajalia kwa sababu yangu."