Kengele ya Dirisha la Pili

Kijana mwenye suruali ya bugaluu ya kahawia, pana miguuni, alimkanyaga Antonia mguu katikati ya mnada wa Karatu, na badala ya kuomba radhi akaitazama redio aliyoikumbatia.

"Inakoroma au imekufa kabisa?"

"Kilichokufa ni mguu wangu!"

"Basi nitatengeneza vyote viwili. Naitwa Martini, fundi wa umeme, redio na wasichana wenye hasira."

Antonia alicheka, akajuta kucheka, akampa redio. Ilipona siku ile ile. Baada ya hapo aliirudisha kwa fundi mara nne, ikiwa nzima.

Mwaka huo, 1978, baba yake, mzee Josephati wa Daa, alipokea posa ya Patrisi, mwenye lori. Antonia alikataa. Mzee akamfungia chumbani, ufunguo mfukoni, kisha akaenda mjini kutafuta fundi wa kufunga kengele ya wezi madirishani. Hakujua huyo aliyerudi naye ni nani.

"Wezi wamezidi huku, mzee?" Martini aliuliza, akivuta nyaya ukutani mwa chumba cha Antonia.

"Wa kuingia na wa kutoka," mzee alijibu, akaenda kuleta betri ya trekta.

Antonia alimshika fundi mkono.

"Dirisha langu usilifungie kengele, mpenzi. Nakuomba."

"Atayapima yote, Anto. Lazima lilie." Jasho lilikuwa limemlowesha shati. "Jumatatu saa moja asubuhi, stendi. Nitakata tiketi mbili."

"Nitatokaje?"

Viatu vya mzee vilisikika ukumbini.

Madirisha yalifunguliwa na kufungwa moja moja. La kwanza, kengele ililia. La pili, la Antonia, ililia mpaka mbwa akabweka. Mzee alicheka, mara ya kwanza wiki ile. "Nenda kampikie fundi chai."

Aliporudi na chai, Martini alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake. Alikunywa akitazama sakafu, mzee kando yake. Antonia alingoja hata kope ipepese. Wapi.

Jumatatu alivaa gauni la maua ya buluu, viatu mkononi, kiganja kwenye komeo la dirisha. Nyuma ya ukuta baba yake alikuwa akinywa uji, chini ya kengele yenyewe. Hakulisukuma. Kwa mbali basi la Arusha likapiga honi, mara moja, mara ya pili, kisha likaondoka. Amenifunga vizuri mno, aliwaza. Amemfanyia baba kazi safi.

Oktoba akaolewa na Patrisi.

Mzee alifariki miaka mitatu baadaye. Nyumba ilijaa wafiwa.

"Fungua madirisha, mwanangu," mama alisema. "Kengele iache ilie, watu wanakosa hewa."

La kwanza lililia, akina mama wakaruka. Antonia, mtoto mgongoni, akalifunga tena, akafungua la pili, la chumba chake cha zamani. Kimya.

Alisogeza kabati. Waya wa kengele ulikuwa umechomolewa, ncha yake imezungushiwa utepe mweusi kwa uangalifu, kama kidole kilichojikata.

Alikwenda posta kwa miguu kupiga simu. Watu wa mnadani walishamtajia karakana ya Martini huko Arusha.

"Haloo? Sema kwa nguvu!"

"Martini. Ni Anto."

Antonia alisogeza mdomo karibu na simu.

"Ulichomoa waya lini?"

"Ulipokwenda kupika chai. Nilimwambia mzee nimesahau bisibisi chumbani mwako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mzee akiwa mgongoni mwangu? Nilidhani utajaribu."

"Niliisikia ikilia kwa masikio yangu!"

"Na mimi nilidhani umemchagua mwenye lori." Alicheka, kicheko kikakatika njiani. "Nilisimama mlangoni mwa basi, Anto. Kondakta alinitukana mpaka akachoka."

"Umeoa?"

"Mwaka jana."

"Ana hasira?"

"Hana."

"Dakika tatu zimekwisha," opereta akasema.

Aliporudi nyumbani kwa baba yake alibandua utepe kwa meno, akaunganisha waya kama alivyomwona akifanya, akasukuma dirisha. Kengele ikalia nyumba nzima.

"Jamani!" mama aliita kutoka ukumbini. "Nani huyo anatoka?"

"Ni mimi, mama," alisema Antonia, na dirisha hakulifunga.