Mwizi Aliyeacha Moto, Akabeba Mita

Hebu niambieni nyie mnaojua mambo ya wizi: ni mwizi gani anavunja kufuli, anaikuta mashine inayowasha moto kwenye maji ya chumvi, anaiacha hapo hapo, anabeba mita ndogo ya umeme?

Swali hilo lilimkalia kichwani Mama Lebo, saa moja na robo asubuhi, alipoinama mlangoni mwa karakana ya mpwa wake. Jina la Lebo alilipata polisi, alikotunza stoo ya vielelezo miaka ishirini na sita, akifunga vikaratasi kwenye visu, viatu na masufuria ya watu. Alikwisha kustaafu, ila macho hayastaafu.

"Usiguse kitu," alisema. "Keti, nieleze polepole."

Mpwa wake, binti fundi wa redio, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Nimefika saa moja kasoro dakika tano, Mama mdogo. Kufuli limegongwa kwa nyundo. Mashine ipo, vichupa vipo, dumu la maji ya chumvi lipo. Mita tu ndiyo haipo."

"Na hiyo mita kazi yake nini?"

"Inaonyesha mashine imekula umeme kiasi gani." Fundi akashusha sauti. "Maji ya chumvi ukiyapiga kwa mawimbi ya redio yanatoa hewa inayowaka. Hilo kweli, nimeliona. Lakini umeme unaoliwa ni mwingi kuliko moto unaotoka. Umeme uleule, kwenye hita ya dukani, unachemsha vikombe vitano. Moto wangu hauchemshi hata kimoja."

"Nani mwingine anajua?"

"Kaka. Nilimpimia juzi akaona mwenyewe. Na sasa wewe."

Saa nne wakubwa wa zahanati wangekuja kutazama. Wakiridhika, wangeuza jenereta yao na kuingoja mashine ya Fundi iwape umeme. Friji ya chanjo, taa ya chumba cha wazazi, vyote vingetegemea mwali wa manjano usioweza kujilisha. Fundi alitaka kuwaeleza ukweli kwa kinywa chake, mita ikiwa mezani. Shida ni kwamba tangu utotoni ulimi wake uliganda mbele ya watu, na kaka yake ndiye aliyemsemea. Ndiyo maana mtaa ulimwita kaka huyo Spika.

"Ni Mzee Kopo tu," Fundi alisema. "Haipiti siku hajanikejeli."

Mzee Kopo aliuza mafuta ya taa ng'ambo ya barabara, kopo kwa kopo. Saa mbili Mama Lebo alimkuta akijaza chupa kwa faneli.

"Jirani, jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kitandani, umri wangu huu niwe wapi? Kwani maji yamegoma kuwaka?"

"Kuna kitu kimeibwa."

"Basi mwizi mimi, nani mwingine." Alicheka mpaka mafuta yakamwagikia vidole. "Dada, nimeingoja siku hii wiki tatu. Shati jeupe nimepigiwa pasi, nikakae mbele kabisa nimtazame binti yenu akiaibika. Sasa niiharibu sherehe yangu mwenyewe?"

Yalikuwa majibu ya kejeli, lakini Mama Lebo hakuyatupa. Alirudi karakana, akapiga magoti chini ya meza, kiuno kikimlalamikia. Nyaya zilizokuwa zikipita kwenye mita zilikuwa zimeungwa pamoja, kila kiungo kimezungushiwa tepu nyeusi raundi tatu. Skrubu zimepangwa kwenye kisosi.

"Umeunga wewe?"

"Sijagusa, Mama mdogo."

"Washa."

Mashine ikanguruma. Fundi akapeleka kiberiti kwenye mdomo wa kichupa, na mwali wa manjano ukasimama.

Mama Lebo akazionyesha nyaya kwa kidole. "Adui angekata nyaya akaenda zake. Huyu ameziunga. Anataka iwake, mwanangu, ila isipimwe."

Fundi akatazama sakafu. Alikwisha elewa.

Saa nne kasoro robo Spika alifika, suruali imenyooka, kipaza sauti begani. Wakubwa wa zahanati walikuwa wameketi kwenye mabenchi, Mzee Kopo mbele na shati lake jeupe.

"Mita imeibwa," Mama Lebo alitangaza. "Nani atatuazima nyingine?"

"Chukueni ya wapangaji wangu," alisema Mzee Kopo. "Pimeni, nicheke kwa ushahidi."

"Hakuna haja," Spika akadakia. "Wageni wamekuja kuona moto, hawakuja kusoma namba."

Mama Lebo akamvuta pembeni, nyuma ya mlango, na Fundi akawafuata.

"Anayetuombea mabaya anatuazima mita. Wewe wa damu yetu unaikataa. Kwa nini?"

"Unaniita mwizi, Mama mdogo?"

"Sijakuita, ninahesabu. Waliojua mita itasema nini ni watu watatu. Mimi nimejua leo. Huyu kaamka na kilio. Halafu tepu ile, raundi tatu: mwizi alimwogopea mtu asipigwe na umeme. Mzee Kopo angemwogopea nani?"

Spika akajifuta uso kwa kiganja.

"Ipo chini ya kitanda changu. Nimezunguka mitaa saba nikitangaza kwamba mdogo wangu ameyashinda mafuta. Shuleni walimwita bubu, nikamsemea mimi. Leo wamekuja kumpigia makofi, halafu nimwache asimame aseme ameshindwa?"

"Na friji ya chanjo?" Mama Lebo aliuliza.

Fundi akasogea katikati yao.

"Sijashindwa, Kaka," Fundi alisema. "Nipishe."

Alikiacha kipaza sauti begani kwa kaka yake, akaenda kusimama mbele ya mabenchi. Akafumbata mikono nyuma.

"Mashine yangu inakula kuliko inavyotoa," alisema. "Mita ya Mzee Kopo itawaonyesha sasa hivi."

Mzee Kopo akaangua kicheko. Fundi akamngoja amalize.

"Cheka, Mzee wangu, umeingoja siku yako. Lakini maji yamewaka, na aliyeyawasha ni mimi. Kesho saa moja nafungua mlango huu, niendelee kutafuta. Nikichekwa mwaka mzima nitafungua vilevile." Akawageukia wakubwa wa zahanati, akawatazama usoni mmoja mmoja. "Ila nyinyi, jenereta yenu msiiuze."