Michirizi Saba

Kila Jumamosi asubuhi Kidoti huosha vyombo, hudeki sebule, kisha humpigia shangazi yake pasi sare ya kazi. Jumamosi hii vyombo vilioshwa mbiombio na pasi haikuguswa kabisa. Kidoti alikuwa amepiga magoti stoo, dirisha wazi kama shangazi alivyoagiza, mbele ya bakuli la kioo lililofunikwa kifudifudi juu ya sinia jeusi.

Alikitengeneza chombo hicho pamoja na Miwani, mwenzake wa darasa la sita. Juu, ndani ya bakuli, walibandika sifongo iliyolowa spiriti. Chini ya sinia waliweka bonge la barafu kavu, ile inayofuka moshi na kuisha bila kuacha hata tone la maji. Shangazi aliileta kutoka kiwanda cha aiskrimu anakofanya kazi. Sinia likipoa vya kutosha, mvuke wa spiriti hugeuka ukungu, na chembe ndogo mno zinazopita hewani huacha humo michirizi kama nyuzi nyeupe.

Ndivyo kitabu kilivyosema. Wao walikuwa wakimulika tochi tangu saa mbili, na hawakuona kitu.

"Labda chembe zimepumzika," alisema Miwani. "Si Jumamosi leo?"

Kidoti hakucheka. Saa sita mwalimu wa sayansi angepitia madaftari na kuchagua mradi mmoja tu wa kwenda kwenye maonyesho ya shule zote. Alishika kalamu akaandika: *Tuliona michirizi saba.*

"Saba? We! Mimi sijaona hata mmoja!"

"Kitabu kinasema ipo. Macho yetu tu ndiyo mabovu."

"Basi andika sabini, maana ni ya bure."

Shangazi alichungulia mlangoni. "Haya, wanasayansi, imekubali?"

"Imekubali, shangazi!" Kidoti alijibu upesi, akalifunika daftari kwa kiganja.

"Hongereni, wanangu! Mimi nawahi zamu ya mchana."

Miwani alianza kufuta miwani yake, ambayo haikuwa na vumbi hata chembe. Kidoti alilitazama bonge. Asubuhi lilikuwa kubwa kama tofali. Sasa lilikuwa limebaki nusu, na lilizidi kupungua huku likifuka. Mtu pekee aliyeijua barafu ile alikuwa kibarazani akifunga kamba za viatu.

"Shangazi, ngoja! Nimekudanganya. Hatujaona kitu. Hiyo saba nimeitunga."

Shangazi alirudi stoo. Hakufoka. Alivaa glavu nene za kiwandani, akaliinua sinia.

"Hebu angalia. Bonge hili lina nundu. Sinia linaligusa wapi?"

"Hapa... na hapa."

"Mahali pawili tu. Sasa kwingine kutapoaje? Sisi kiwandani tunaiponda, ikumbatie kopo pande zote."

Aliifunga barafu katika taulo kuukuu, akaigonga kwa nyundo, akaitandaza sawasawa na kulilaza sinia juu yake. Wakasubiri dakika kumi. Mara, chini ya mwanga wa tochi, uzi mweupe ulichoreka, ukafifia.

"Ule pale!" Miwani alipiga kelele. "Na mwingine! Shangazi, mwingine!"

"Nimeuona, usinipasue masikio," alicheka shangazi. "Ungesema tangu asubuhi, Kidoti, ningekuwa kazini saa hizi." Akatoka mbio.

Kidoti aliikata ile saba kwa mstari mmoja. Chini yake aliandika jinsi walivyokosa, sababu yake, na michirizi minne waliyoihesabu kwa dakika moja.

Saa sita, shuleni, mwalimu alisoma ukurasa ule mara mbili. "Na hii iliyokatwa?"

"Ilikuwa uongo, mwalimu," Kidoti alisema kwa sauti ndogo.

Mwalimu aliweka daftari peke yake upande wa kulia wa meza. "Kosa ukilificha, unabaki nalo peke yako," alisema. "Ukilisema, unapata wa kukusaidia. Mwanasayansi hufika mbali kwa namna hiyo. Jiandaeni, mradi huu ndio utakaokwenda."