Ngazi ya Benita

Jioni ya kuamkia Watakatifu Wote, Saturnina alibeba donge lake la unga hadi kwenye tanuri la kijiji. Upepo ulivuma kutoka Ziwa Titicaca, na theluji ya mlima Illampu ilikuwa imegeuka nyekundu. Wanawake walikuwa wamejaa, mikono myeupe, kila mmoja akifinyanga mikate ya wafu wake: watoto wenye nyuso za udongo, farasi wa kubeba mizigo, na ngazi.

"Saturnina, donge lako limenenepa kuliko mume wangu," alisema jirani yake Dominga.

"Mumeo hana hamira, shoga."

Walicheka. Kisha mlango ukasukumwa, na kicheko kikakatika.

Alikuwa Froilán, mkwe wa Saturnina, mume wa marehemu binti yake Benita.

"Shikamoo, mama. Ngazi uifanye imara," alisema. "Huu ni mwaka wa tatu wa kumwandalia. Wa mwisho. Benita aondoke vizuri, nasi tupumzike."

Tupumzike. Kila mtu alijua maana yake. Mchumba mpya alikuwa anangoja La Paz, na asingekubali kulala katika nyumba ambayo marehemu bado anaandaliwa meza.

"Nitaifanya imara, mwanangu," alisema Saturnina.

Froilán alisema mkewe aliteleza ziwani akifua sufu. Polisi waliandika hivyo. Lakini Saturnina ndiye aliyeuosha mwili. Shingoni aliona alama za vidole, zambarau, vinne upande mmoja na kimoja upande wa pili. Alisema. Wakamwambia ni nyavu, bibi, uchungu unakudanganya.

Basi alifinyanga ngazi. Ilitoka nzuri kuliko zote.

Kesho yake, kengele ya saa sita mchana ilipolia, roho ya Benita iliingia nyumbani kwa Froilán, kwenye meza aliyoandaliwa. Hakuna aliyeiona. Nzi walitua kwenye supu ya nafaka ya kinoa, mshumaa ukainama ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa, na chumba kikanukia matete mabichi. Saturnina aliketi karibu na meza mpaka asubuhi, akimweleza mwanawe habari za kondoo.

Siku ya pili majirani walikuja kusali. Ndiyo desturi: unamsalia marehemu, unapewa mikate yake. Saa sita kamili mchana roho hupanda ngazi na kwenda zake, na baada ya hapo tu ndipo ngazi huvunjwa na kuliwa.

Froilán alipiga magoti mbele, amefumba macho kama wengine wote. Dominga alisali kwa sauti kubwa kuliko wote, maana alikuwa anautaka mkate wa farasi.

Saturnina aliingiza ngazi chini ya shali yake.

Akavunja kipago cha kwanza. Akatafuna polepole, kama mtu anayetafuna dawa. Akavunja kingine... na kingine. Mkate ulimkaukia kooni. Hakunywa maji.

Kengele ikalia.

Watu wakafumbua macho. Mshumaa haukuzimika. Harufu ya matete haikutoka.

Froilán alitazama meza. Uso wake ukawa kama majivu.

"Mama," alinong'ona. "Ngazi iko wapi?"

"Nimeila."

"Lini?"

"Ulipokuwa unamwombea."

Wiki moja ikapita. Mchumba alikuja na masanduku yake, akalala siku moja, akarudi La Paz asubuhi bila viatu.

Kisha, jua likizama, Froilán alibisha mlangoni kwa Saturnina. Nguo zake zilikuwa zimelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu baridi kali iishe.

"Mama mkwe... oka nyingine. Nakuomba."

"Tanuri limezimwa."

"Anakaa ukingoni mwa kitanda. Nywele zinachuruzika maji. Nikihama chumba, anahama."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Ananitazama tu." Meno yake yaligongana. "Nilikuwa nimelewa, mama. Nilimshika kidogo tu. Kidogo tu, anyamaze..."

Saturnina alikuwa amelingoja neno hilo muda mrefu. Alidhani likija litampoza moyo. Halikumpoza. Lilimpa njaa ya kusikia zaidi.

"Rudi nyumbani kwako, mwanangu," alisema kwa upole. "Mkeo anakungoja."

Akafunga mlango.

Walimkuta kesho yake kitandani, macho wazi. Walipomgeuza, maji yalimtoka kinywani, maji ya kijani yenye nyuzi za matete. Nyumba ile iko mbali na ziwa, juu mlimani. Polisi aliandika kwamba ni pombe.

Saturnina alikwenda mazikoni. Hakulia, wala hakujifanya analia. Njiani kurudi, Dominga alimshika mkono.

"Maskini, naye hana mtu," alisema. "Alikuja kijijini kwetu peke yake. Mama hana, dada hana. Nani atamwokea?"

"Asiokewe."

"Basi naye hataondoka," Dominga alisema, akatema mate kufukuza mkosi. "Atabaki palepale alipofia. Milele, shoga."

Saturnina alisimama katikati ya njia.

Palepale... na nani? Na Benita.

Alitembea haraka, kisha akakimbia, sketi zake zikimpiga miguuni. Alipofika nyumbani kwake, jua lilikuwa limezama nyuma ya ziwa. Akamwaga unga mezani, akatia maji, akaanza kukanda. Sikukuu ya mwaka wa tatu ilikuwa imepita. Hakuna aliyewahi kuoka ngazi baada yake, wala hakuna aliyejua kama hushika. Alikanda tu. Donge lilimpasukia mikononi kama mchanga.

Nje, mbwa akabweka mara moja, akanyamaza.

Chap... chap... chap...

Miguu yenye maji, ikipanda njia ya mawe. Harufu ya matete ikapita chini ya mlango.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Benita, ileile, ya mtoto aliyechelewa kurudi. "Mama, fungua. Nasikia baridi."

Saturnina alifika mlangoni, unga hadi viwikoni. Akashika komeo. Mkono ukakataa.

Kule chini njiani, kitu kingine kilikuwa kinapanda. Kizito. Taratibu. Kikihema kama mlevi.

"Mama, fungua upesi," Benita alinong'ona. "Yuko nyuma yangu."